Fundi Anajibu: Fremu ya Mbao kwa Bango la LED

SWALI: Assalaam aleikum, fundi. Mimi ni seremala, na karakana yangu ipo Ng'ambo, hapa Tabora mjini. Kamati ya msikiti wetu imeniomba nitengeneze fremu ya mninga kwa ajili ya bango la LED litakaloonyesha saa na nyakati za swala, nalo litatundikwa ndani, kwenye ukuta wa mbele. Moduli, yaani vile vipande vya taa vinavyopangwa pamoja kuwa bango, ni za P10, nyekundu, kumi na mbili kwa jumla: nne kwa kulala na tatu kwa kusimama. Mwaka jana nilimtengenezea mwenye duka mmoja bango la ukubwa huo huo. Nilizifunga moduli kwa skrubu kwenye mbao za paini nilizoziunga kwa gundi kwa kulala, zikawa ubao mmoja mpana. Nilimaliza mwezi wa Septemba likiwa limenyooka vizuri, lakini mvua zilipokolea ikatokea mistari miwili myeusi kati ya safu na safu, na katikati ya bango pakatuna. Je, tatizo lilikuwa mbao, gundi, au moduli zenyewe? Na safari hii nifanyeje? — *Seremala, Ng'ambo, Tabora*

JIBU: Waaleikum salaam, fundi mwenzangu. Maelezo yako yana jambo moja ambalo linatosha kulijibu swali la kwanza: umesema mistari iliyotokea ni miwili, nayo ilikuwa kati ya safu na safu. Bango la safu tatu lina maungio mawili ya kulala na maungio matatu ya kusimama. Kama moduli zingekuwa na kasoro, au gundi ingekuwa imeachia, maungio yangefunguka ovyo ovyo. Kwako yamefunguka ya kulala tu, na yale ya kusimama yamebaki yamebana. Kilichofanya hivyo ni mbao, na tena si kwa sababu zilikuwa mbaya, bali kwa sababu ya namna zilivyopangwa.

Ubao unapoingia unyevu hutanuka kwa kukingama nyuzi zake, na unapokauka husinyaa kwa upande huo huo. Kwa urefu, yaani kwenda na nyuzi, mabadiliko ni madogo kiasi kwamba katika kazi kama hii tunaweza kuyasahau. Mbao zako zililala, kwa hiyo upana wao wote ulikuwa ukielekea juu na chini. Mwezi wa Septemba hapa Tabora ni kilele cha ukame, na hewa huwa imekauka tangu Mei. Mvua zikianza Novemba, hewa hushiba unyevu hadi Aprili. Ubao wa paini uliopasuliwa bapa, wenye upana wa mm 480 kama wako, ukipanda unyevu kwa asilimia 4 tu hutanuka kwa karibu mm 5. Gawanya hizo kwa safu tatu, na kila safu inakuwa imevutwa mbali na mwenzake kwa zaidi ya mm 1.5. Kwenye moduli ya P10 taa moja iko mm 10 kutoka taa nyingine, na jicho la binadamu, likishazoea nafasi hiyo kwenye uso mzima, huliona mara moja ungio lililofikia mm 11 na nusu. Huko kutuna kwa katikati nako kuna sababu iyo hiyo: pande mbili za ubao hazikunyonya unyevu sawasawa, na ubao ukajikunja kama ilivyo ada yake.

Kwa hiyo nakushauri uanze kazi ya msikiti ukiwa na kanuni moja akilini: mbao izunguke bango, isilibebe kwa upana wake. Yote nitakayoyasema hapa chini yanatoka katika kanuni hiyo.

Kabla hujakata chochote, zipange moduli zote kumi na mbili juu ya meza iliyonyooka, uso ukiwa chini juu ya kitambaa safi, zibanane kama zitakavyokuwa ukutani. Kwa hesabu, moduli ya P10 ni mm 320 kwa mm 160 na ina taa 32 kwa 16, kwa hiyo bango lako litakuwa mm 1280 kwa mm 480. Lakini usiamini hesabu peke yake. Chukua futi upime, kwa sababu moduli za viwanda tofauti hutofautiana kidogo, na tofauti hiyo ikizidishwa mara nne inaweza kukuharibia kona. Hakikisha pia mishale iliyochapishwa nyuma ya moduli inaelekea upande mmoja. Juu ya kipimo utakachokipata ongeza mm 2 kila upande, kwa sababu plastiki ya moduli hutanuka kwa joto kuliko mbao inavyotanuka kwa urefu wake. Tuchukulie kwamba nafasi ya ndani ya fremu itakuwa mm 1284 kwa mm 484.

Sasa mbao. Chagua mninga wa inchi moja kwa sita, na baada ya kupiga randa utabaki na unene wa mm 22 na upana wa mm 145 hivi. Usiulaze huo upana kuwa uso wa fremu kama watu wanavyofanya kwenye fremu za picha. Usimamishe uwe kina cha sanduku, kutoka mbele kwenda ukutani. Ukifanya hivyo, mninga ukitanuka au kusinyaa, kinachobadilika ni kina cha sanduku, na huko hakuna kitu kilichobanwa. Upana na urefu wa nafasi ya moduli vinatawaliwa na urefu wa mbao, ambao haubadiliki. Naupenda mpangilio huu kuliko wowote mwingine, kwa kuwa unaliondoa tatizo badala ya kupigana nalo. Kina hicho pia unakihitaji kwa mambo mengine: moduli yenyewe, kiunzi cha kuibeba, waya, na kile kisanduku cha kubadili umeme ambacho mafundi tunakiita pawa saplai, vyote vinataka nafasi, na bado hewa ipite.

Mninga ni miongoni mwa mbao zinazochezacheza kidogo sana baada ya kukauka, na ndiyo maana wazee wa Unyamwezi waliupenda kwa milango na samani. Lakini sifa hiyo ni ya mninga uliokauka. Ukinunua mbao iliyopasuliwa wiki iliyopita, jina la mti halitakusaidia. Nunua kwa mfanyabiashara mwenye leseni ya mazao ya misitu, udai risiti, kisha ipange karakanani kwa vijiti vya kutenganisha ili hewa ipite kati ya mbao na mbao. Kama huna kipima unyevu, kata kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, si mwishoni, ukipime kwa mizani ya dukani ya gramu, halafu ukikaushe kwenye oveni ya nyuzi joto 103 hadi uzito wake usipungue tena. Tuseme kilikuwa gramu 240 na kimeishia gramu 215: tofauti ya gramu 25, ukiigawa kwa 215, inakupa unyevu wa asilimia 11.6, na hapo unaweza kuanza kazi. Ukipata asilimia 18 au 20, iambie kamati isubiri. Wazee wa msikiti wataelewa wakielezwa. Wasichoweza kukielewa ni fremu iliyofunguka kona kabla ya Ramadhani.

Kwa kona, usitegemee mkato wa mshazari wa digrii 45 uliopigwa misumari. Mbao ikisinyaa, kona ya mshazari hufunguka upande wa ndani, na ikitanuka hufunguka upande wa nje, kwa hiyo hapa kwetu itakusumbua mara mbili kwa mwaka. Tumia ulimi na tundu, au meno kama ya droo, pamoja na gundi nzuri ya mbao. Kabla gundi haijakauka, pima mishazari yote miwili ya nafasi ya ndani. Kwa vipimo tulivyovitaja kila mmoja uwe mm 1372. Ikitofautiana, bana upande ulio mrefu taratibu hadi ilingane. Halafu funga nyuzi mbili nyembamba kutoka kona hadi kona, zikatize katikati. Zikigusana bila kusukumana, sanduku halijajisokota. Zikiachana, kona moja imeinuka, na ni heri kuibua gundi ikiwa mbichi kuliko kuja kulazimisha moduli baadaye. Vaa barakoa unapopiga msasa, kwa sababu vumbi la mninga huwasha pua na kifua cha watu wengi.

Moduli zenyewe zifunge kwenye kiunzi cha alumini. Chukua engo au bomba la mraba la alumini, kata vipande vitano vya kusimama vyenye urefu wa mm 480: vitatu vikae nyuma ya maungio ya kusimama, na viwili kwenye kingo. Kila cha kati kitashika pembe za moduli za kushoto na za kulia kwa pamoja, na hapo ndipo safu zinapopata kunyooka. Toboa matundu kwa kufuata moduli zako, si mchoro wa kwenye kasha. Skrubu ni ndogo, za M3, na huingia kwenye plastiki. Pima kina cha tundu kwa njiti, ongeza unene wa alumini na wa washa (kile kiduara cha chuma kinachokaa chini ya kichwa cha skrubu), ndipo ununue urefu unaofaa. Skrubu iliyozidi urefu hugonga sakiti kwa ndani, na iliyokazwa kwa nguvu hung'oa nyuzi za plastiki. Kaza zote nusu, sukuma moduli zikae sawa huku ukiweka rula ndefu ya chuma juu ya uso wake, kisha ndipo umalizie.

Kiunzi hicho sasa kinakaa juu ya mkanda wa mbao wa mm 20 kwa 20 uliogundishwa na kupigwa skrubu ndani ya sanduku, karibu na ukingo wa mbele. Kifunge kwa matundu ya kawaida katikati ya ubao wa juu na wa chini, lakini huko kwenye pembe chonga matundu marefu, ili alumini ikipata joto iweze kusogea. Weka washa pana na ukaze kwa kiasi. Kama alumini imekuwa ghali mno, plaiwudi ya mm 18 inaweza kuchukua nafasi yake, kwa kuwa matabaka yake yamekingamana na kwa hiyo haitanuki kama ubao mzima. Lakini ukate madirisha makubwa nyuma ya kila moduli. MDF, ule ubao wa nyuzi za mbao zilizosagwa na kugandishwa, siishauri kabisa kwa kazi hii. Ikinyonya unyevu huvimba na hairudi, na skrubu ndogo hazishiki ukingoni mwake.

Umeme si kazi ya seremala, na ule wa volti 230 mwachie fundi umeme mwenye leseni. Hata hivyo fremu yako ndiyo itakayompa nafasi ya kuifanya kazi yake vizuri au vibaya, kwa hiyo yafaa ujue mambo machache. Moduli hutumia volti 5 tu, na watu wengi wakisikia hivyo hujiona wako salama. Volti 5 haimtupi mtu, lakini amperi ni nyingi. Kwa moduli zako kumi na mbili ningeweka pawa saplai mbili za amperi 40, kila moja ikilisha moduli sita, na ncha iliyolegea kwenye mkondo mkubwa namna hiyo hupata joto la kuweza kuunguza mbao. Kila mwisho wa waya uwekewe lagi, yaani kichwa cha chuma cha kushikia waya, iliyobanwa kwa koleo lake, si nyuzi zilizosokotwa kwa vidole. Pande za hasi za pawa saplai mbili ziunganishwe, za chanya zisiunganishwe. Nyingi kati ya pawa saplai hizi zina kiswichi kidogo cha kuchagua volti 110 au 220; kiangalieni kabla ya kuwasha kwa mara ya kwanza, kwa sababu kikiwa kwenye 110 kifaa hulipuka papo hapo.

Zaidi ya hayo, pawa saplai ziwe ndani ya sanduku, karibu na moduli. Nimeshaona mafundi wakiziweka chini kwenye kabati na kupandisha waya wa volti 5 hadi juu ukutani. Waya wa shaba wa mm za mraba 2.5 una ukinzani wa karibu omu 0.0074 kwa kila mita. Ukiupitisha mita 5 kwenda na 5 kurudi huku ukibeba amperi 10, unapoteza zaidi ya volti 0.7, na volti 5 zako zinafika zikiwa chini ya 4.3. Taa zitafifia na maandishi yatatetemeka, na watu watailaumu kadi inayoendesha maandishi. Urefu uwe upande wa volti 230; upande wa volti 5 uwe mfupi iwezekanavyo.

Pawa saplai ya wati 200 ikifanya kazi kwa nguvu hutoa joto la wati 30 hivi kila moja, mbali na joto la moduli. Usiifunge moja kwa moja kwenye mninga. Ifunge kwenye kipande cha alumini kilichoinuliwa, na utoboe safu ya matundu kwenye ubao wa chini na nyingine kwenye ubao wa juu, ili hewa baridi iingie chini na ya moto itoke juu. Mgongo wa sanduku usizibwe na ukuta.

Kuhusu kulitundika, uzito si mkubwa kama watu wanavyodhani. Mninga una kilo 640 hivi kwa mita ya ujazo, na sanduku hili halifiki mita 4 za mbao kwa mzunguko wake, kwa hiyo mbao peke yake ni kama kilo 7 na nusu. Pima moduli na vingine vyote kwenye mizani ujumlishe. Njia ninayoipendelea ni mbao mbili zilizochongwa mshazari wa digrii 45 zikapandana: moja inafungwa ukutani mdomo ukiwa juu, nyingine mgongoni mwa sanduku mdomo ukiwa chini, na watu wawili wanaweza kulishusha bango siku ya matengenezo bila kufungua skrubu hata moja. Kama ukuta ni wa tofali za kuchoma, ankabolti ziingie kwenye tofali na si kwenye ungio la udongo au saruji, na uzisambaze ziwe nne au tano.

Mwisho ni sura. Ukingo wa ndani unaotazamana na taa upake rangi nyeusi isiyong'aa, la sivyo vanishi itaakisi wekundu na kulizungushia bango utando wa mwanga. Upande wa nje, badala ya vanishi ya kung'aa, mimi ningetumia nta ya nyuki, na nyinyi wa Tabora mnayo nyumbani. Yeyusha sehemu moja ya nta katika sehemu nne za mafuta ya kitani, chombo kikiwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Paka mchanganyiko ukiwa vuguvugu, acha unywe, kisha sugua kwa kitambaa kikavu. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivirundike pembeni mwa karakana: vinaweza kupata joto vyenyewe na kuwaka. Vitandaze nje vikauke au uvitie kwenye ndoo ya maji.

Na lile bango la dukani unaweza kuliokoa. Fungua moduli, ondoa ubao mpana, weka kiunzi cha alumini mahali pake. Fremu ya nje ibaki ilivyo.

SWALI: Ndugu fundi, nina duka la vifaa vya ujenzi Isevya, na nataka bango la LED la maandishi yanayotembea juu ya mlango wangu, upande wa magharibi. Aliyeniuzia moduli anasema ni za “nusu nje”. Naweza kuweka fremu ya mbao, au lazima iwe chuma? — *Mfanyabiashara, Tabora*

JIBU: Ndugu yangu, fremu ya mbao inawezekana, lakini kwanza tuzungumzie hizo moduli. Moduli ya nusu nje ina mwanga mkali wa kutosha kuonekana mchana, lakini uso wake haujajazwa ile gundi laini inayofunika miguu ya taa. Maji yakiupiga, yanaingia hadi kwenye sakiti. Moduli ya nje kamili ina gundi hiyo, na kwa kawaida uso wake huandikwa IP65, maana yake vumbi haliingii na mrusho wa maji hauingii. Hata hiyo, mgongo wake haujakingwa kama uso. Kwa hiyo kama bango litakaa chini ya paa la kibaraza, mahali ambapo mvua ya upepo haifiki, tumia ulizonazo. Kama litakuwa wazi, zibadilishe kabla hujatumia hata shilingi moja kwa fremu.

Upande wa magharibi una taabu yake. Jua la kuanzia saa tisa alasiri litaupiga uso wa bango moja kwa moja, na maandishi yatafifia wakati ule ule ambao wateja wanatoka kazini. Inamisha bango mbele kidogo, digrii 5 hadi 10, lielekee watu walio barabarani. Litapunguza mng'ao na halitashika vumbi sana. Kadiria pia umbali: taa za P10 husomeka vizuri kuanzia mita 10 hivi, hivyo anayesimama mlangoni hasa ataona nukta tu, ila anayepita ng'ambo ya barabara atasoma bila shida.

Kwa bango la nje, uzito wote ubebwe na chuma: fremu ya bomba la mraba iliyochomelewa, ikapigwa praima na rangi, ikafungwa ukutani. Mbao iwe vazi lake. Tumia kiini cha mninga, ile sehemu ya kahawia, kwa kuwa hustahimili mchwa na kuoza. Ile sehemu nyeupe ya pembezoni haina ulinzi huo, na muuzaji asikuchanganyie. Ubao wa juu uwe na mteremko kwenda mbele, utokeze kupita uso wa moduli, na chini ya ukingo wake upitishwe mfereji mwembamba ili tone la maji likifika hapo lidondoke lisirudi ndani. Ubao wa chini uwe na matundu ya kutolea maji. Vanishi ya kawaida haidumu kwenye jua hilo. Hupasuka na kubanduka. Mafuta ya kitani yanayorudiwa kila mwaka kabla ya mvua ni bora zaidi, na kazi ya kuyarudia ni ya asubuhi moja.

Matundu yote ya hewa yazibe kwa wavu wa chuma wenye vitundu vidogo kuliko mm 3. Hili nalisisitiza kwa Tabora kuliko mji mwingine wowote. Sanduku la mbao lililo juu, kavu, lenye giza na kijitundu cha kuingilia ni mzinga kamili, na kundi la nyuki linalotafuta makao halitauliza kama ndani kuna umeme. Mijusi nao hupenda joto la pawa saplai, na mmoja akikanyaga ncha mbili kwa wakati mmoja hufa yeye na fyuzi.

Fremu ya chuma lazima iunganishwe na waya wa ardhini, na bango liwe na sakiti breka yake peke yake ili uweze kulizima radi zikianza. Kabla ya kutundika pita ofisi za manispaa uulizie kibali na ada za mabango, kwa kuwa bango linalotokeza barabarani halihesabiki kuwa sehemu ya duka tu.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari, Ujiji. Nimepata moduli moja ya P3 ya rangi zote, yenye taa 64 kwa 64, na nataka kuitengenezea kifremu cha mbao iwe saa ya mezani. Nataka taa zionekane kama vimraba laini, si nukta kali zinazoumiza macho. Naweza kuiwasha kwa chaja ya simu? — *Mwanafunzi, Kigoma*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Moduli yako ni mm 192 kwa mm 192, na kwa ukubwa huo mbao haitanuki kiasi cha kukusumbua, kwa hiyo mengi niliyomwambia seremala wa Ng'ambo hayakuhusu. Mabaki ya mninga au mvule kutoka kwa mafundi wa samani yanakutosha, unene wa mm 12, kina cha mm 60 ili kadi na waya vikae nyuma.

Chaja ya simu haifai. Taa zote zikiwaka nyeupe kwa mwanga kamili, moduli kama hiyo huweza kuvuta amperi 4 au zaidi, wakati chaja nyingi za simu hutoa 1 hadi 2 tu katika volti 5. Itazima na kuwaka, au itapata moto. Nunua pawa saplai ya volti 5 yenye alama za kiwanda zinazosomeka na amperi zisizopungua 5, iliyofungwa kabisa kama ya kompyuta ndogo, ili usishike waya wa volti 230 hata kidogo. Halafu kwenye programu punguza mwanga hadi robo. Saa ya mezani haihitaji zaidi.

Vimraba vinapatikana kwa kuweka kitu cheupe kinachopitisha mwanga mbele ya taa, lakini kisigusane nazo. Kikigusa, nukta zitabaki nukta. Kikikaa mbali sana, tarakimu zitakuwa ukungu. Chonga vipande vinne vinne vya mbao vya kuweka pembeni, vya mm 3, vya mm 5 na vya mm 8, ujaribu kila unene gizani na mchana kabla ya kugundisha. Karatasi ya akriliki nyeupe ya mm 2 ni rahisi kupata kwa watengeneza mabango. Kipo pia kitu kizuri zaidi, nacho ni ganda la mbao lililokwanguliwa jembamba, chini ya mm 1, likagundishwa nyuma ya akriliki angavu: saa ikizimwa unaona ubao mtupu, na ikiwashwa tarakimu zinapenya kwenye nyuzi za mbao. Chagua mbao ya rangi hafifu kwa ganda hilo, maana mninga wa kahawia utakula mwanga wa bluu na kijani na kukuachia wekundu peke yake.